Miti Iliyokua Kwenye Daftari

Jumatatu, 5 Agosti

Nimechaji pikipiki toka saa moja asubuhi. Betri imejaa. Kesho Butiama kupima miti. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi ni hivyo hivyo.

Hii pikipiki ya umeme bado sijaizoea. Haina sauti kabisa. Ile ya petroli ilikuwaga na kelele, mbwa wa njia nzima wananijua. Taasisi yetu ya utafiti wa samaki imeziondoa zote mwaka huu. Imeweka ahadi kubwa: moshi wake wote upungue mpaka uishe, na ule utakaogoma kuisha ufidiwe kwa miti. Kwenye ofisi yetu ya Musoma anayehesabu ni Dokta Neema. Anahesabu kila kitu. Dizeli ya boti ya utafiti. Jenereta ya maabara. Friji za samaki wa vipimo. Mabosi wakipanda ndege kwenda mikutanoni. Hata mkaa wa mama wa chai ameuandika. Ni binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, lakini namheshimu. Hana mchezo na namba.

Mimi form four tu. Miaka kumi na tisa hapa, msaidizi wa utafiti. Zamani nilipimaga samaki. Sasa napima miti. Shamba la Taasisi pale Butiama lina miti mia nne themanini. Mistari kumi na mbili, A mpaka L. Kila mti na kibati chake chenye namba. Mistari minne ni mwarobaini, minane ni lusina, mti wa majani laini unaokua haraka. Dokta anasema mti unakula ule moshi wetu na kuuficha ndani ya mbao. Napenda kulifikiria hilo nikiwa njiani.

Kazi nzuri. Afya ipo. Sina la kulalamika.

Jumanne, 6 Agosti

Leo nimefanya ujinga.

Nimefika shambani saa nne kasoro. Kiangazi kimekaza. Nyasi za Butiama zimekuwa kama brashi ya viatu. Uzio wa miiba upande wa bondeni umeliwa na mchwa. Nimeingia kimya, si ndiyo pikipiki yenyewe. Mbele yangu ng'ombe. Sita. Wako mstari C na D, wanavunja lusina, wanakula kwa raha zao. Nikaokota fimbo.

Ndiyo nikamwona mwenye ng'ombe. Mama mkwe.

Amekaa chini ya mwarobaini mkubwa wa pembeni. Kichwa wazi. Miguu kainyoosha, kanga kaipandisha, anajikanda magoti.

Kwetu mama mkwe humpi mkono. Huli naye. Ukimwona njiani unaingia majanini apite, na yeye akikuona anaingia majanini upite. Miaka ishirini na sita ya ndoa, usoni nimemwangalia labda mara tatu. Hata hapa jina lake siliandiki. Leo nimeona magoti yake.

Ile pikipiki ya zamani angeisikia toka barabarani. Angejifunika, angeswaga ng'ombe zake, mimi ningekuta mavi tu. Hii ya umeme imenileta mpaka hatua kumi.

Nimerudi kinyumenyume. Nimelala nyuma ya kichuguu. Mtu wa miaka hamsini na moja, na helmeti kichwani. Saa nzima. Nasikia lusina zinakatika. Ningekohoa tu yangeisha. Sikukohoa.

Alipoondoka nikaenda kuangalia. C na D hamna kitu. Vijiti.

Jumatano, 7 Agosti

Dokta kaniuliza Butiama vipi. Nimesema salama.

Fomu ina sehemu mbili za kuweka alama, hai au imekufa. C na D nimeweka hai. Yote themanini. Nikajipa sababu: itachipua. Nikajipa ya pili: ameingia mara moja tu, harudi. Ya tatu sikuipata.

Ningeweza kumwambia mke wangu amwambie mama yake. Nimeliwaza asubuhi nzima. Nianzeje? Kwamba nilimkuta mama yako magoti wazi, nikalala chini? Hapana. Siwezi.

Jumapili, 18 Agosti

Kutoka kanisani tumekuta kibuyu mlangoni. Maziwa mgando. Kondakta wa basi la Butiama kakiacha. Mke wangu, Mama Rebeka, kashangaa. Kiangazi ng'ombe za kwao zinakaukaga kabisa. Kampigia mama yake simu. Mama kasema neno moja tu: ni ya mkwe.

Nimekunywa vikombe viwili. Mazito, yana ule moshi wa kibuyu kwa mbali. Matamu sana. Najua nilichokuwa nakunywa. Nilikuwa nakunywa mstari C.

Niandike na hili, maana nalo ni kweli. Nilifurahi. Kukumbukwa na mama mkwe si kitu kidogo.

Jumanne, 3 Septemba

Pikipiki nimeiacha barabarani. Nimetembea nakohoa njia nzima kama mgonjwa, kama yupo anisikie ajiondoe. Hakuwepo. Mavi mabichi yapo.

E, F na G zimekwisha. Mwarobaini haijaguswa, ni michungu, hata ng'ombe mwenye njaa anaiacha.

Vibati vimelala kwenye vumbi. Nimeviokota nikavitia kwenye kopo la kahawa. Halafu nikakaa kujaza fomu na hapo ndipo nikaelewa nilikojiingiza. Mti uliokufa ukiuandika hai haitoshi. Lazima uwe umekua. Dokta anataka urefu, anataka unene. Kwa hiyo nikaikuza mwenyewe. C-1 nikaiongeza sentimita tatu. C-2 mbili. C-3 nne, huo toka mwanzo ulikuwaga na bidii. Nikawa naukumbuka mmoja mmoja kama mwalimu na watoto wa darasa lake. Nikajishtukia natabasamu. Peke yangu, katikati ya vijiti.

Ni aibu. Siyo ya magoti tena.

Alhamisi, 12 Septemba

Semina ya ofisi nzima. Dokta katufundisha kwamba hata ng'ombe wamo kwenye hesabu ya dunia. Ng'ombe akicheua anatoa gesi, na gesi hiyo ni mbaya kuliko moshi wa pikipiki. Chacha dereva, ambaye kwao wana ng'ombe arobaini, kanyoosha mkono.

"Dokta, ng'ombe akicheua anaandikwa. Na dereva akila maharage?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Dokta mwenyewe kacheka mpaka kavua miwani. "Wewe Chacha una ukurasa wako peke yako."

Nikacheka na wenzangu. Kisha nikapiga hesabu. Ng'ombe za mama mkwe zimekula miti ya kumeza moshi, sasa zimelala Butiama zinacheua gesi. Taasisi imepata hasara mbele na nyuma, na mimi niko katikati na kopo la kahawa. Kicheko kikanikatikia.

Jumapili, 22 Septemba

Tumekwenda Butiama, mimi na mke wangu, kusali kanisa la kwao. Nimekaa upande wa wanaume nyuma kabisa, kama kawaida nikiwa ukweni. Wakati wa ushuhuda mama mkwe akasimama. Mimi macho chini.

Akasema ana mkwe. Jina hakutaja, na yeye langu hataji. Akasema kiangazi hiki ng'ombe zake zilikuwa za kufa, na kijana aliyekuwa anamchungia amekwenda zake Bunda. Akaziingiza mwenyewe mahali ambapo hazikutakiwa. Mkwe akamkuta. Hakufoka. Hakumpeleka kwa mtendaji. "Aliona, akageuka, akalala chini nyuma ya kichuguu ili mimi nisiaibike. Mtu na ofisi yake, akalala chini!"

Kanisa zima makofi. Vigelegele.

Kumbe aliniona. Kumbe muda wote huu anajua kwamba najua. Kachukulia nimempa ruhusa. Ndiyo maana kaendelea. Ndiyo maana maziwa.

Mke wangu kageuka kunitafuta kule nyuma. Uso wake unang'aa. Sijaangaliwa hivyo toka siku ya harusi. Nilitaka nipotelee chini ya benchi.

Jumanne, 1 Oktoba

H, I, J zimeisha. Kopo limejaa. Mvua hamna.

Nimeandika yote hai. Nimeandika yote imekua.

Jumatano, 9 Oktoba

Dokta kaniita. Nilipoingia ofisini kwake nikakuta karatasi kubwa imebandikwa ukutani, mchoro wa mistari miwili. Mmoja wa mwarobaini, umelala. Mwingine wa lusina, unapanda kama ngazi.

"Baba Rebeka, unajua umefanya nini?"

Nikajua ameshasikia mambo ya kanisani. Kumbe hapana. Amefurahi! Lusina ya Butiama inakua kiangazi kikali kuliko vitabu vinavyosema. Makao makuu wamefurahi. Wanataka lusina hiyo hiyo ipandwe sehemu nyingine, maana ile ahadi yao imechelewa na bado moshi ni mwingi. Wataanza na Kiriba. Lile eneo la kati ya kijiji na ziwa. Wakiona inakwenda vizuri, Kisorya.

Kiriba ni kwetu. Nimezaliwa pale. Lile eneo nalijua kila jiwe. Ndiyo malisho ya kiangazi ya kijiji kizima, majani ya ukingoni mwa ziwa hayakaukagi. Wakilifunga kwa uzio ng'ombe wataenda wapi?

Mkutano ni Ijumaa ya tarehe 25. Dokta anataka nisimame niongee, kwa sababu mimi ni mtoto wa pale, wataniamini.

Chini ya mchoro kaandika jina langu. Vipimo: Masatu. Miaka kumi na tisa, sijawahi kuona jina langu chini ya kitu chochote.

Sijala leo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kaka yangu Manyama kapiga simu toka Kiriba. Kijiji kimeshapata barua ya mkutano. Wamegawanyika. Wengine wanasema malisho hayatolewi.

"Sasa mdogo wangu, sisi hiyo kaboni hatuijui. Tunakujua wewe. Wewe ukisema tutoe, tunatoa. Ukisema tusitoe, barua wairudishe walikoitoa. Sema."

Nikamwambia nitakuja kuongea. Akasema haya, mimi nawaambia wazee watulie, Masatu anakuja.

Ningekuwa nimeiba dizeli, ningekuwa mwizi wa dizeli, basi. Hii ni nini? Nimemwogopa mama mmoja Butiama, sasa kijiji cha mama yangu kinakwenda kupoteza malisho kwa ajili ya miti ambayo haipo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa uani anachambua dagaa. Nikaongea yote bila kupumzika. Pikipiki, magoti, kichuguu, fomu, kopo. Mchoro. Kiriba. Mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo mama anakuombea kwa ajili ya miti ya watu."

"Ndiyo."

"Na wewe umeandika iko hai."

"Ndiyo."

"Na inakua."

"Ndiyo."

"Inakua kuliko ya watu wengine."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akasukuma ungo pembeni. Kisha akafuta macho na upande wa mkono, mkono una magamba, na hapo sikujua tena kama bado anacheka.

"Jumatatu uende kwa Dokta."

"Jumatatu sikukuu."

"Basi Jumanne. Usinitafutie kalenda."

Jumanne, 15 Oktoba

Nilikwenda. Mlango wa Dokta ulikuwa wazi. Alikuwa kwenye simu na makao makuu, anasema Butiama, Butiama, kwa furaha. Nikapita. Nikaenda stoo nikapanga ndoo zilizokuwa zimeshapangwa.

Mwoga. Liandike hivyo hivyo. Mwoga.

Jumatano, 16 Oktoba

Imekwisha.

Nimekwenda kabla hajafungua kompyuta. Sikukaa. Nimemimina kopo juu ya meza yake. Vibati mia tatu na ishirini. Vingine vikaanguka sakafuni, vikabingirika mpaka chini ya kabati.

"Hivi ni nini?"

"Ni miti, Dokta."

Alichukua kimoja. C-3. Akageuka kuangalia mchoro ukutani, akakiangalia tena. Nikamweleza. Ya mama mkwe hakuielewa mwanzoni. Yeye wa Tanga, anasema kwao mkwe anakaribishwa ndani, anaandaliwa, wanataniana. Ikabidi nimweleze mara mbili. Mara ya pili uso wake ukalegea kidogo, nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Ungenitumia meseji tu. Maneno matatu. Ng'ombe wamekula miti."

Kweli. Maneno matatu tu.

"Ng'ombe si shida, Baba Rebeka. Kiangazi ng'ombe wanakula, ningeandika imeliwa, tungepanda tena. Wewe umenipa miti hewa. Na mimi nimeshaitangaza."

Hilo ndilo limeniuma. Hakupandisha sauti. Kapanda kwenye kiti, kabandua mchoro mwenyewe. Kona moja ikachanika. Kaukunja.

Nimetoka. Nimekwenda kwa mama wa chai, nimekunywa chai ya rangi. Nimekula chapati tatu. Njaa ya wiki nzima.

Alhamisi, 17 Oktoba

Butiama, mimi na Dokta, Chacha anaendesha. Njia nzima Dokta hakunisemesha. Chacha alishaambiwa, akashindwa kujizuia.

"Mzee Masatu, mimi nikimwona mama mkwe nakimbia. Wewe ukalala! Angekukanyaga je?"

Dokta kageukia dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Shambani kahesabu mwenyewe. Kijiti kwa kijiti, jua la saa sita. Sikumsaidia, hakutaka. Mwarobaini mia moja sitini, hai. Lusina, ziro. Kaandika ziro. Kaipigia mstari.

Tulipokaa kivulini kanieleza yatakayofuata. Barua ya onyo. Fomu zangu zote za miezi mitatu zinafutwa, na kuanzia sasa kila fomu lazima isainiwe na mtu wa pili. Makao makuu wataandika kwenye taarifa yao ya mwaka kwamba miti ya Butiama ilihesabiwa vibaya, na hesabu ya moshi itapanda tena. Kasema walimfokea kwenye simu. Yeye, siyo mimi. Kawaambia kosa lipo pia kwake. Mwezi wa tisa ilibidi aje mwenyewe aone, hakuja. Aliupenda mchoro.

Nilitegemea kufukuzwa. Nilishaanza kulizoea wazo hilo. Kasema Kiriba mkutano upo palepale na nitasimama niongee.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kiriba. Watu wengi, shule nzima ilijaa. Kaka Manyama kaninunulia soda mbele ya watu, ili waone.

Dokta kaongea dakika tano, kaeleza moshi wa ofisi mpaka wa ndege za mabosi. Kasema amekuja siyo kuomba eneo tena. Amekuja ili msaidizi wake awaambie kitu.

Nikasimama. Nikasema ile miti ya Butiama mliyoambiwa inakua kiangazi, haipo. Ililiwa na ng'ombe. Niliandika uongo. Mimi, Masatu, mtoto wa hapa.

Halafu mama mmoja mbele kabisa, mwenye kapu la mihogo:

"Ng'ombe za nani?"

Hilo swali nililiogopa kuliko yote. Nikasema za mama mkwe wa mtu. Basi wakaelewa bila kuongeza. Mzee mmoja akapiga paja lake. "Mkwe! Hata mimi nisingeweza!" Kicheko kikazunguka shule. Hakikunipunguzia kitu, lakini nilipumua.

Hawakutoa eneo. Wamesema kama Taasisi inataka miti, iwaletee miche, kila mtu atapanda mipakani mwa shamba lake atakapoiona kila siku. Malisho yaachwe. Na moshi wa ndege za mabosi, kasema yule mama wa mihogo, mabosi wenyewe waone wataupunguza wapi. Dokta kaandika yote, mpaka hilo la mwisho. Nimemwona akiliandika.

Manyama kanisindikiza mpaka kwenye gari. Sikuweza kumwangalia.

"Umetuaibisha kidogo," kasema. "Ungetuponza sana."

Akanifungia mlango wa gari kwa mkono wake.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua imeanza Butiama wiki iliyopita. Udongo unanukia. Leo nimepima ya mwarobaini, Chacha kasaini. Kisha akaenda kunywa chai, mimi nikabaki kuziba uzio upande wa bondeni.

Nikasikia mtu anakohoa kwa kusudi. Nikageuza mgongo haraka. Ni yeye. Kasimama upande wa pili wa uzio, najua naye kanipa mgongo. Ana ng'ombe mmoja kwa kamba. Akaanza kuongea na ng'ombe.

"Wewe Nyekundu. Mwambie mkwe wangu sikujua. Mwanangu kaja kunieleza yote. Nilidhani miti ni ya kwake, anaweza kunipa."

Sijawahi kusemeshwa naye katika maisha yangu. Nilishika nguzo ya uzio. Nikaiambia nguzo.

"Nguzo, mwambie mama kosa ni langu. Ningekohoa tu."

"Nyekundu, mwambie kweli angekohoa." Nikasikia kamba ikivutwa. "Mwambie ile kofia yake ya njano ilikuwa inaonekana juu ya kichuguu kama papai."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, nikaegemea nguzo. Nyuma yangu nikasikia naye anacheka, sauti ni ile ile ya mke wangu akiwa uani.

"Mwambie maziwa yatakuja Jumapili. Mwambie asiogope kuyanywa, sasa hivi ni ya nyasi."

Nikasikia miguu ya ng'ombe kwenye matope ikienda. Nimehesabu mpaka mia moja ndipo nikageuka.

Jumanne, 3 Desemba

Butiama. Mawingu. Hakuna joto.

Nimefunga kengele ya ng'ombe chini ya usukani wa pikipiki. Kubwa, ya shaba, ya kaka Manyama. Inalia kila nikipita shimo, na mashimo yapo ya kutosha. Watoto wa barabarani wananicheka. Dokta kaona ofisini, kauliza ni ya nini. Nikamwambia. Kasema hiyo haitoi moshi, ibaki.

Nimefika shambani saa nne. Chini ya mwarobaini mkubwa nyasi zimelala, mtu alikuwa amekaa hapo muda si mrefu. Ameshaondoka. Kanisikia.

Mwarobaini mia moja hamsini na tisa. Mmoja umekufa, mchwa. Nimeandika umekufa.

Lusina nimepita kijiti kwa kijiti. Mingi imekauka kabisa. Mstari G wote, hamna. Lakini kwenye C, miti michache imechipua tena. Kumi na moja. Majani madogo kama kope. Nimetoa kopo alilonirudishia Dokta, nimetafuta vibati vyake, nimevifunga upya kimoja kimoja kwa waya.

C-3 nimepiga goti kuupima. Nimeweka rula mara mbili.

Sentimita sita.

Nimeandika sita.